Vayolini sita, watoto 17, mwalimu wa solfa: niendelee au niwahamishie tarumbeta?

MwalimuWaIsevya

Salaam wakuu, na shikamoo kwa wakubwa wote. Niko Tabora mjini, nafundisha shule ya msingi, jioni nashika kwaya ya watoto. Miaka kadhaa nyuma alikuja dada mmoja Mjerumani kujitolea, akaja na vayolini sita na cello moja (ile kama vayolini kubwa, hupigwa umekaa), akaanzisha kikundi kwenye ukumbi wa kanisa. Muda wake ukaisha, akaondoka, vyombo vikabaki mikononi mwangu. Mimi kinanda nakijua na solfa (do, re, mi) naisoma hata usingizini, ila vayolini nilijifunzia palepale, nimekaa benchi moja na watoto.

Sasa watoto wamefika 17 na wanapokezana vyombo. Kiangazi hiki vigingi vya kukazia nyuzi vinalegea vyenyewe. Unatyuni, unageuka kumsalimia mzazi mlangoni, ukirudi sauti imeshashuka. Uzi wa E, ule mwembamba, ukikatika hapa mjini haupatikani. Fundi mmoja alinifungia wa gitaa, mngesikia wenyewe ilivyolia, mbwa wa jirani akajibu.

Linaloniumiza zaidi ni hili: mtoto akianza tu kupiga vizuri, kafika darasa la saba. Mzazi anamtaka tuisheni, Januari anapangiwa bweni huko Nzega au Urambo, nami naanza upya na wasiojua kushika upinde.

Wazee wa kanisa wanasema watoto wahamie bendi ya tarumbeta, angalau inaitwa kwenye harusi na misiba. Wengine wanasema tusubiri mzungu mwingine. Na tafadhali msinipe mfano wa Venezuela. Najua José Antonio Abreu alianza okestra yake ya vijana mwaka 1975 na vijana 11 kwenye gereji pale Caracas. Lakini yule alikuwa mchumi aliyejua milango ya serikali, na serikali ikatoa hela. Mimi mlango ninaoujua ni wa mtendaji wa kata. Naomba ushauri wa waliofanya.

Mwisho_wa_Reli

Mwalimu, nipo Ujiji, ila nilikaa Kinshasa kwa biashara. Kule kuna okestra ya Wakimbangu, ina kwaya na kila kitu. Aliyeianzisha mwaka 1994 ni Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa lao. Huyo bwana alikuwa rubani, kazi ikakatika, akajifunza mwenyewe kuongoza okestra. Walianza kwa kupokezana vyombo kama hao wako, na uzi ukikatika walichomoa waya wa breki ya baiskeli. Leo wanapiga Beethoven.

Kwa hiyo hilo la kusubiri mzungu lifute. Anayejitolea ana tiketi ya kurudi. Wewe ukijua somo moja mbele ya watoto, inatosha kwa wiki hiyo, halafu wiki ijayo unajua jingine. Ila hilo la breki usiliige, utakata vidole vya watoto wa watu.

FidlaKongwe

Assalaam aleikum mwalimu. Mimi napiga fidla, yaani vayolini, kwenye kikundi cha taarab hapa Unguja, na nimepita DCMA, chuo cha muziki cha Mji Mkongwe kilichoanza 2002. Huku kwetu tatizo ni unyevu, kwenu ni ukavu, lakini mti ni mti.

Kigingi kikiteleza, kitoe, kipake chaki ya ubaoni kidogo pale kinapogusana na kichwa cha fidla, kirudishe huku unakisukuma ndani. Usivitoe vyote kwa pamoja! Nyuzi zote zikilegea daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, linaanguka, na ndani kuna kijiti kinachosimama kwa kubanwa tu. Nacho kikianguka utatafuta fundi mpaka uchoke. Halafu chukua kisanduku cha sabuni chenye matundu, tia sponji uliyoiloweka ukaikamua sana, weka ndani ya kasha la fidla. Makasha yasikae juu ya kabati chini ya bati. Mvua zikianza toa sponji, maana vigingi vitavimba na kukwama. Na seremala asikutilie gundi ya mbao hata akikuapia. Fidla hugandishwa kwa gundi inayofunguka, ili ifunguliwe na kutengenezwa tena.

Kuhusu solfa, mbona una mali mkononi. Fanya D iwe do. Uzi wa D mtupu ni do, kidole cha kwanza re, cha pili mi, cha tatu fa. Rukia uzi wa A: mtupu ni so, cha kwanza la, cha pili ti, cha tatu do ya juu. Vidole vya pili na vya tatu vinabanana, nyuzi zote mbili vilevile. Cello nayo ina D na A, oktava moja (do mpaka do) chini, ila vidole vyake ni mtupu, cha kwanza, cha tatu, cha nne. Wimbo wowote wa kwaya usiozidi oktava hiyo watoto wataupiga wote pamoja. Nota za mistari zitakuja wakishapenda.

MzaziKanyenye

Mimi ni mmoja wa hao wazazi wa tuisheni, japo mtoto wangu yuko kikundi kingine. Niseme ukweli, hatuchukii muziki. Mazoezi yanaisha giza limeingia, binti anatembea peke yake, ukiuliza ratiba unaambiwa tamasha liko karibu. Maliza saa kumi na mbili kasoro, mlango wa ukumbi ukae wazi, na asiwepo mtoto anayefundishwa peke yake na mtu mzima, hata awe shemasi. Hapo nami nitakutetea.

La pili. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Kuanzia hapo mpaka Januari watoto wako nyumbani wanazurura, sisi tunahangaika nao. Wakati huo hata mwalimu wa tuisheni huwa hana habari nao. Mbona hamuwachukui?

Bomba_la_Sikonge

Mimi ni mpiga tarumbeta wa kanisa la Moravian tangu utotoni. Wazee wasikudanganye kwamba tarumbeta ni rahisi. Mtoto wa miaka tisa midomo haijakomaa, meno ya mbele yanabadilika, na vali zikikosa mafuta zinakwama kama kawaida. Hela ya msiba ipo, siwezi kukataa, lakini mara nyingi mtoto anakosa shule Ijumaa kwa ajili ya hiyo hela.

Ila mnaweza kukutana mara moja moja. Shida ni kwamba tarumbeta yetu ni ya B flati: nikisoma C, inatoka B flati. Watoto wako wakipiga D ikiwa do, mimi natakiwa kusoma E yenye kali (alama za kupandisha nota) nne, na vijana wangu watakukimbia. Wakishazoea D, wafundishe C. Sisi tutasoma D yenye kali mbili, hapo hakuna ugomvi. Na tarumbeta zikae nyuma, mbili zinatosha, la sivyo vayolini sita hazitasikika hata na anayezipiga.

MwalimuWaIsevya

Nimewasoma wote. Mama wa Kanyenye, hilo la Septemba lilikuwa mbele ya macho yangu na sikuliona! Darasa la saba nitawapumzisha kuanzia Juni wasome kwa amani. Mtihani ukiisha nawaita kila siku, lakini si kupiga tu: kila mmoja nampa wadogo wawili awafundishe hiyo do mpaka do. Nasikia hata kule Korogocho, Nairobi, kwenye Ghetto Classics, mradi wa muziki wa Elizabeth Njoroge, wakubwa ndio wanaofundisha wadogo. Akienda bweni Januari, angalau kaacha wawili. Kuhusu muda, mlango nitaufungua, saa ya kumaliza tutapanga na wazazi Jumapili.

Bomba, niko tayari kwa C, ila mpaka Krismasi usinidai.

FidlaKongwe, kaka yangu, swali moja. Vayolini zangu tatu ni saizi ya 3/4, ndogo za watoto, tatu ni kubwa kamili. Nyuzi naweza kuagiza za aina moja zikatumika kote?

FidlaKongwe

Hapana. Uzi wa kubwa ukiufunga kwenye 3/4 utafungika, lakini utakuwa mlegevu na sauti itakuwa ya kivivu. Agiza mbalimbali, andika juu ya bahasha. Za E chukua nyingi kuliko zote, ndizo zinazokatika na ndizo huwa bei ndogo.