Tangu lini picha ya ng'ombe kwenye mfuko ikawa kipimo cha ushuru wa forodha?

Heshima kwenu, wakuu. Nilinyamaza wiki mbili nikitumaini kwamba jambo hili lingekwisha kwa busara, lakini kontena langu bado limezuiwa bandarini na gharama za kuhifadhi mzigo zinapanda kila kukicha.

Mzigo wenyewe ni unga wa maziwa yaliyoenguliwa mafuta yake ya asili, kisha yakatiwa mafuta ya mawese. Wakala wangu aliuandika chini ya kichwa namba 1901 cha orodha ya forodha ya kuainisha bidhaa, chenye matayarisho ya chakula yatokanayo na bidhaa za maziwa na yasiyo na kakao au yenye kakao chini ya asilimia 5, kama alivyoiandika mizigo mitatu iliyotangulia kutoka kiwanda kilekile, nayo yote ilipita bila neno. Safari hii afisa ameuhamishia 0402, penye maziwa ya unga, ambako ushuru ni mkubwa mara kadhaa. Nilipomwuliza sababu, alinionyesha mfuko: una picha ya ng'ombe.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sheria haina utata hapa. Mfumo wa uainishaji wa bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, unaotumika tangu 1988, una maelezo ya kisheria mwanzoni mwa Sura ya 4, ambamo 0402 imo, na tangu toleo la 2017 maelezo hayo yanatamka kwamba bidhaa iliyopatikana kwa kuondoa kiambato cha asili cha maziwa, mathalani mafuta yake, na kutia kitu kingine mahali pake, haimo katika sura hiyo, bali huainishwa katika 1901 au 2106, yaani matayarisho ya chakula yasiyotajwa kwingine. Kama mtu anatilia shaka cheti cha kiwanda, apeleke sampuli maabara, kwa kuwa mafuta ya maziwa yana asidi ya butiriki na mawese hayana, hivyo kipimo kimoja kingemaliza ubishi. Nimeomba kipimo hicho kwa maandishi mara mbili, kwa gharama yangu mwenyewe, na sijajibiwa.

Nakiri kwamba wako wenzetu waliotuharibia. Mkataba wa Kilimo wa Shirika la Biashara Duniani ulipoanza kutumika mwaka 1995, vizuizi vya kiasi viligeuzwa kuwa ushuru, na baadhi ya nchi zikaweka viwango vizito mno kwa maziwa yanayoingia nje ya mgawo, yaani zaidi ya kiasi kilichotengewa ushuru nafuu. Tangu hapo wamekuwapo watu wa kuchanganya siagi na sukari kwa hesabu maalumu, ili mchanganyiko uhamie sura nyingine na kuukwepa ushuru huo mzito. Afisa akishuku ana haki, ila shaka inapaswa kumpeleka kwenye uchunguzi, naye ameanzia kwenye hukumu.

Tena nilijihadhari mapema. Miezi mitano kabla ya mzigo kupakiwa niliomba uamuzi wa awali kuhusu uainishaji, nikaambatanisha orodha ya viambato na maelezo ya utengenezaji. Mkataba wa Uwezeshaji wa Biashara, uliopata nguvu Februari 2017, unazitaka mamlaka zitoe uamuzi huo katika muda unaofaa, na zikikataa zimjulishe mwombaji kwa maandishi pamoja na sababu. Mimi sikupata uamuzi wala barua ya kukataliwa, na leo mamlaka ileile iliyonyamaza inaniambia kwamba nilipaswa kujua.

Mkataba huohuo unaruhusu mzigo utolewe kwa dhamana wakati kiasi cha ushuru kinasubiri kuamuliwa. Nimeomba hilo pia, nikaambiwa nilipe kwanza tofauti yote, kisha ndipo nikate rufaa, ilhali unga wenye mafuta uliofungiwa ndani ya kontena lenye joto unaendelea kuchacha.

Aliyewahi kutoa mzigo wa namna hii kwa dhamana ya benki, naomba aeleze aliandika barua kwa nani na alitumia kifungu kipi. Na mawakala mliomo humu, je, mnaandika 1901 au mmeshahamia 2106?