Naomba ushauri: Yamaha DT 175 ya zamani, niirudishe ilivyokuwa au niibadilishe?

Habari zenu, wapenzi wa pikipiki. Naishi Kisumu, na ninayo Yamaha DT 175 aliyoitumia marehemu baba mkubwa alipokuwa afisa wa kilimo huko Vihiga. Injini yake ya mipigo miwili haijakwama, na ukipiga kiki pistoni inapanda vizuri. Lakini tangi limeota kutu ndani, nyaya za umeme wake wa volti 6 zimeliwa na panya, na madigadi ya plastiki yamepasuka.

Fundi mmoja wa Kibuye ananishauri niitoe injini hiyo na kuweka ya pikipiki ya Bajaj Boxer, kwa kuwa vipuri vyake vinapatikana kila kona na haichomi oili pamoja na petroli. Hoja yake ina uzito, ila itabidi fremu ikatwe na kuchomelewa vishikizo vipya, jambo lisilorudishika, na nambari ya injini haitalingana tena na ile ya kitabu cha usajili, hivyo nitalazimika kupeleka mabadiliko hayo NTSA, mamlaka inayosajili magari na pikipiki nchini Kenya. Rangi na usukani havinisumbui, maana hivyo hubadilishwa wakati wowote.

Mimi naelekea kuihifadhi injini, kisha nifunge umeme wa volti 12 ili niweze kuiendesha usiku hadi Kakamega. Je, mliowahi kufanya hivyo kwenye DT mlibadilisha koili za stata (zinazozalisha umeme injini inapozunguka) peke yake, au na rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme huo uweze kuchaji betri) pia? Na silinda ikihitaji kuchongwa upya, pistoni za saizi kubwa mnazipata Nakuru, au ni lazima niagize Nairobi?