Kuzunguka Ziwa Tahoe jioni: RV iende au ibaki?

Kutoka: Sacramento

Habari za jioni ndugu zangu. RV (gari-nyumba la kambi) ni ya futi 31, inakokota gari dogo, na mwisho wa Juni itakuwa imepaki Zephyr Cove, upande wa Nevada wa ziwa hili la mpakani mwa Nevada na California, Marekani. Tunataka kulizunguka ziwa jioni moja. Tuanzie wapi, na RV yenyewe inapita Emerald Bay, ile ghuba ya kusini-magharibi yenye kona kali?

Kutoka: Reno

RV iacheni kambini, mwende na gari dogo. Kulizunguka ziwa ni maili 72. Kwa ramani ni safari fupi, ila kona na foleni za Tahoe City zinakula muda, kwa hiyo tengeni saa tatu na nusu pamoja na kusimamasimama.

Kutoka Zephyr Cove shikeni barabara namba 50 kuelekea kusini. South Lake Tahoe mnakata kulia kwenye namba 89, mnapita Emerald Bay hadi Tahoe City, kisha namba 28 kupitia Kings Beach na Incline Village, mnaibukia tena kwenye 50. Kwa mwelekeo huu ziwa liko kuliani muda wote, kwa hiyo kuingia na kutoka vituo vya kutazamia hakuhitaji kukata mbele ya magari yanayokuja.

Msimu huo jua linazama karibu saa mbili na nusu usiku. Ondokeni saa kumi na moja jioni. Emerald Bay ina milima upande wa magharibi na kivuli kinaingia mapema, kwa hiyo ipiteni kwanza. Machweo yenyewe yatazameni kutoka ufuko wa mashariki: Memorial Point, kabla tu ya Sand Harbor. Mkichelewa, mbele kuna Logan Shoals, kabla ya mahandaki ya Cave Rock. Karibu na Sand Harbor msipaki kando ya barabara hata mkiona wengine wamepaki. Mabango yanakataza na faini zipo.

Kutoka: San Jose

Kaka wa Reno, njia ni nzuri, ila ziwa kuliani maana yake na genge la mwamba liko kuliani. Pale Emerald Bay barabara imekatwa ubavuni mwa mlima, sehemu nyingi hazina kizuizi cha pembeni. Aliyejifunzia Dar au Nairobi, ambako tunapita kushoto, mara nyingi gari humsogelea kulia bila kujua, kwa sababu macho yamezoea kuona mstari wa kati karibu na bega la kulia. Mkongo hana shida hiyo, kwao wanapita kulia. Basi usukani ashike mwenye uzoefu wa huku, na ashuke hadi maili 10 au 15 kwa saa kwenye kona kali. Kama hayupo, zungukeni kinyume. Mtakuwa upande wa mlima, japo machweo mtayakosa pale mashariki.

Kutoka: Boise

Naongezea kuhusu RV, maana kuna atakayesoma hapa bila kuwa na gari dogo.

Usiingie Emerald Bay ukiwa unakokota gari kwa magurudumu yote manne chini. Seti hiyo hairudi nyuma: ukijaribu, magurudumu ya mbele ya gari dogo yanajikunja upande na mikono ya kukokotea inapinda. Ukikuta njia imezibwa, utalazimika kufungua gari hapo hapo konani. Mwenye RV peke yake aende nusu tu: Zephyr Cove hadi Tahoe City kwa upande wa kaskazini, kisha ageuze.

Kutoka Spooner, namba 28 inapokutana na 50, kushuka Glenbrook weka gia ya chini kabla mteremko haujaanza. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, kanyaga tena. Kuigandamiza mfululizo ndiko kunakoichemsha. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inazama hadi sakafuni. RV husimama miezi bila kuguswa, ndiyo maana mafuta yake yanachakaa kabla ya kilomita kufika. Badilisha kila miaka miwili.

Friji ya gesi: ziwa liko futi 6,225 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na moto wake unadhoofika au kuzimika. Watengenezaji hutahadharisha kuanzia futi 5,500. Kambini iwekeni kwenye umeme.

Kutoka: Reno

Sahihi dada. Na kabla ya kuiacha RV: kunjeni turubai la pembeni, upepo wa ziwani hulivunja. Dubu wa Tahoe wanafungua milango ya magari, kwa hiyo fungeni kwa ufunguo, madirisha pia, na takataka zitupwe kwenye mapipa ya chuma ya kambi. Mfuko wa ngano au mafuta ya samaki usibaki hata ndani ya gari dogo mnaposimama kutazama.