Mrejesho: yule mjusi mwekundu wa miambani Serengeti

Wakuu, narudi na majibu ya yule mjusi niliyeuliza: kichwa chekundu, mwili wa buluu, anaota jua juu ya mawe Serengeti. Wengi mlisema ni aina iitwayo Agama mwanzae, na picha mpya zinawaunga mkono. Wekundu wake, unaoelekea waridi, unashuka hadi mabegani, kisha inaanza buluu iliyokoza. Dume la Agama lionotus, aina ya jirani inayofanana naye, ni rangi ya chungwa kichwani, na mkia wake mara nyingi una pete za buluu na nyeupe. Aliyetaja Acanthocercus (kundi jingine la mijusi), hapana mkuu: huyo kichwa ndicho cha buluu, tena ni wa mitini. Majike ni kahawia tu, sithubutu kutaja aina yao kwa picha. Na dume akiwa na baridi hufifia, mpigeni picha jua likishapanda.