Tupeane uzoefu: mpinzani akiomba muda zaidi kwenye chesi ya siku nyingi, unampa?

Ngome ya Kona: Wakuu, hii ni kwa tunaocheza chesi ya polepole mtandaoni, ile ya siku tatu kwa kila hatua. Mpinzani anakuandikia, "Naomba uniongezee muda, nimebanwa." Kitufe cha kumuongezea unacho. Unabonyeza, au unaiacha saa yake ikate, apoteze mchezo? Mwageni uzoefu.

Askari Mkaidi: Ikate. Aje mwingine.

Farasi Kilema: Umenitonesha kidonda, mkuu. Nilikuwa kwenye mashindano ya makundi na mchezo wangu na jamaa mmoja ndio pekee uliobaki kundi zima. Nimemzidi askari wawili, ngome yangu iko safu ya saba, mfalme wake kabanwa pembeni. Hapo muungwana anasalimu amri. Yeye kimya. Saa yake imebakiza masaa machache, ujumbe ukaingia: yuko wodini na mama yake, hata simu anachajia kwa watu. Nikamuongezea. Siku zikaisha, akaomba tena, nikamuongezea tena.

Kumbe kuna wa tatu anasubiri! Jamaa akifungwa, huyo ndiye anapanda raundi ya pili. Akaanza kunitumia jumbe za matusi, eti nimeuza mchezo, akanishtaki kwa msimamizi. Msimamizi akajibu kitufe kipo kwa ajili ya kutumika. Basi jamaa akarudi, akatoa ngome yake sadaka, na malkia wake akaanza kumfukuza mfalme wangu: cheki kulia, cheki kushoto, mkao ule ule mara tatu, na kwa kanuni hapo ni sare. Akapanda yeye. Na leo ningembonyezea tena.

Malkia Bila Taji: Duh! Na mama je, alipona?

Kimya Kingi: Hata mimi nimesoma nikitafuta habari za mama.

Askari Mkaidi: Mama gani? Huyo alikuwa kajifungia anatafuta zile cheki. Muda ni kete kama kete nyingine, na wewe ulimpa kete.

Farasi Kilema: Wewe ushawahi kulaza mgonjwa?

Askari Mkaidi: Nimewahi, na nilisalimu amri michezo yangu yote sikumsumbua mtu. Yule wa tatu alikukosea nini?

Malkia Bila Taji: Hapo kwa wa tatu Mkaidi ana hoja, ingawa mdomo wake mchungu. Mchezo wa kirafiki toa hata mwezi. Mashindano yana watu wengine nyuma yenu.

Mzee wa Posta: Vijana, sisi wa kadi za posta haya tuliyamaliza zamani. ICCF, shirikisho la chesi ya posta lililoundwa 1951, lilizoea kutoa siku 50 kwa hatua 10. Ukicheza haraka mwanzoni, unajiwekea akiba ya siku za kuugua. Ukikalia hatua moja zaidi ya siku 20, zinazozidi zinahesabiwa mara mbili. Na likizo ipo kwenye kanuni, huombi huruma ya mtu. Shida ya hizi za siku tatu ni kwamba saa inaanza upya kila hatua: ujibu ndani ya dakika moja, usijibu hadi siku ya mwisho, akiba huna.

Kimya Kingi: Mzee ashushe nondo zaidi.

Askari Mkaidi: Hao ICCF si ndio wanaruhusu kompyuta iwasaidie? Mtu na mashine anataka siku 50 za nini?

Mzee wa Posta: Za kuikosoa mashine. Utaelewa ukikua.

Ngome ya Kona: Jamani, turudi kwenye mada.

Kete Moja: Dawa ni kuchagua muda mrefu tangu mwanzo. Lichess, ile tovuti ya chesi, ina kuanzia siku 1 hadi 14 kwa hatua. Chukua 7, lala.

Malkia Bila Taji: Ukichukua 14 utasahau hata ulikuwa unashambulia upande gani. Mimi siku mbili, na michezo michache tu.

Mpita Njia: Wangu aliniambia intaneti imekatika kwao, nimpe siku zaidi. Nikampa. Usiku namkuta hewani, anacheza za dakika tatu mfululizo.

Malkia Bila Taji: 😂😂 Alikuwa anashinda?

Mpita Njia: Anashinda, mshenzi yule.