Mifumo isomane sawa, ila laisensi ya mamilioni ya nini?

Kichwa_Ngumu
Wadau habari za jioni. Ofisini kwetu, taasisi ya umma, jina tuliache, tuna mifumo mitano na kila mmoja unaishi kivyake: mishahara, stoo, magari, risiti na ule wa malipo unaotoa kontroli namba. Mtu wa risiti anachapa, wa uhasibu anachapa tena kilekile. Sasa bosi kasikia mifumo isomane, juzi akaleta jamaa wa suti na slaidi sitini, wanatuuzia kitu wanakiita basi la kuunganishia mifumo, laisensi unalipa kila mwaka na inapigwa kwa hesabu ya kori, yaani viini vya prosesa, za seva. Mi nasema hela ya umma hiyo. Programu za kupitisha meseji toka mfumo mmoja kwenda mwingine zipo, RabbitMQ bure, Kafka bure, chukua vijana wawili kazi iishe. Mnaonaje? Maana kusema kweli wanaong'ang'ania zile za kulipia, IBM MQ na TIBCO, ni wazee waliozoea kusaini tu, hata terminali ya kuandikia amri kwenye kompyuta hawajui inafunguliwaje.

Babu_wa_Foleni
Kijana, nina miaka 61 na hiyo terminali nimeifungua hujaacha kunyonya. MQSeries, ndo hiyo IBM MQ kwa jina la zamani, imetoka 1993, mi nimeikuta benki, tawi liko mkoani, laini ya dishi la setilaiti, mvua ikinyesha tu kwisha habari. Muamala unaandikwa kwenye diski palepale tawini, unakaa foleni, laini ikirudi saa nane usiku unaondoka wenyewe, na haufutwi mpaka mpokeaji aseme nimeupata. Hakuna wa kupiga simu, hakuna wa kuamshwa. Hicho ndo tulikuwa tunalipia, sio kusaini. Na heshima ni ya bure kuliko hata hiyo Rabbit yako.

mtoto_wa_mbezi
Mzee aliposema foleni nikajua anaongelea Kimara saa kumi na mbili jioni 😂

Nyuzi_Tatu
Kafka bure? Kupakua ndo bure. Ukishapakua unataka seva tatu ili moja ikifa nyingine zibebe, mtu wa kuamka usiku, na mpaka toleo la 4.0 la 2025 ndo limeachana kabisa na ZooKeeper, programu ya pembeni ya kuratibu seva zake, kabla ya hapo ulikuwa unalea watoto wawili. Afu Kafka sio foleni, ni daftari, meseji ikiandikwa inabaki na kila msomaji anakumbuka mwenyewe kaishia wapi. Facebook waliitengeneza kwa matukio mabilioni, we una risiti mia nne kwa siku. Ni sawa na kukodi semi trela kupeleka nyanya gengeni.

Kichwa_Ngumu
Walioitengeneza ni LinkedIn sio Facebook. 2011 wakaiachia huria. Unabishana na kitu hata nyumbani kwao hupajui.

Nyuzi_Tatu
Haya LinkedIn. Kwahiyo risiti zako zimeongezeka?

afisa_mtulivu
Samahani naingilia. e-GA, mamlaka ya serikali mtandao, si wana basi lao la kuunganishia mifumo, GovESB, ambako taasisi za serikali ndo zinasomana? Basi la serikali liko barabarani, nyie mnanunua la kwenu mwende wapi? Andikeni barua ya kuomba kuunganishwa, hizo programu za bure au za kulipia mtazihitaji kidogo tu kwa mambo ya ndani.

Babu_wa_Foleni
Bado nasubiri kijana aombe radhi.

Kichwa_Ngumu
Babu shikamoo, sikukulenga wewe, nilirusha jiwe gizani nikasikia yowe. Na hizo foleni zenu zisizopoteza kitu, mbona ofisi moja niliyopita mishahara iliingia mara mbili? Programu ilikuwa ya kulipia, tena bei mbaya.

Babu_wa_Foleni
Marahaba. Sasa nikufundishe bure ujue. Foleni inaahidi meseji itafika, haiahidi itafika mara moja. Mfumo wa mshahara unatuma "mlipe fulani", benki inapokea, inalipa, halafu kabla haijajibu nimepata, laini inakatika. Mtumaji hajasikia jibu, anatuma tena. Benki inalipa tena. Mwenye kosa ni aliyeandika upande wa kupokea, hakuhifadhi namba ya meseji aangalie "hii si nilishaifanyia kazi?". Chukua Rabbit, chukua MQ, chukua njiwa, bila hiyo namba utalipa mara mbili tu.

Mto_Tana
Huku Nairobi hiyo tunaijua sana. Mteja akilipa na simu, network ikiwa mbovu anabonyeza tena, seva yako inapata maombi mawili na yeye ana deni moja. Lakini nyinyi watu wa Dar mnabishana kwa upole, shikamoo marahaba katikati ya vita, huku kwetu tungekuwa tumeshatukanana tukaenda kulala.

Mama_Risiti
Ngoja kwanza. Mishahara iliingia MARA MBILI? Ofisi gani hiyo jamani, nitume maombi leo.

Kichwa_Ngumu
Iliingia ijumaa dada. Jumatatu nusu ya ofisi ina viatu vipya.

Mama_Risiti
Na walirudisha?

Kichwa_Ngumu
Mwezi uliofuata tukakatwa wote, nimekaa na elfu arobaini mwezi mzima.

mtoto_wa_mbezi
Elfu arobaini?? Hiyo si sawa, kuna ile kanuni ya theluthi moja, lazima theluthi ya mshahara wako ibaki hata ukiwa na mikopo kumi.

Mhasibu_Mtaani
Theluthi sijui kama inaingia hapa kaka, hii ni hela isiyo yako, ni kama umeokota. Ukiona salio limenona, unanyamaza unangoja, hununui viatu.

mtoto_wa_mbezi
Isiyo yangu vipi wakati imeandikwa mshahara? Kosa la kompyuta yao tumbo la mtoto wangu linahusikaje?

Nyuzi_Tatu
Mhasibu ndo hao hao wanaochapa risiti mara mbili anatufundisha uaminifu.

Mhasibu_Mtaani
Nachapa mara mbili kwa sababu nyie wa IT miaka yote hamjaweza kuunganisha mifumo miwili, miwili tu! Kila siku Kafka, Kafka. Mi nabaki mpaka saa mbili usiku kufunga mahesabu na mume ananiuliza unatoka wapi.

Babu_wa_Foleni
Hapo mama umesema.

Kichwa_Ngumu
Jamani tenda inafungwa alhamisi, naomba basi mtu anisaidie, tununue au tusinunue?

Mama_Risiti
Kwanza ulikuwa ngazi gani ya mshahara mpaka ubaki na elfu arobaini?