Wakuu, naomba ramani ya pampu ya kujitengenezea, kisima changu ni kirefu

KitunguuMaji
Habari za jioni wanajamvi. Nina kisima Singida, kimechimbwa kwa mkono, maji yapo. Nina pampu ya petroli ya inchi 2 lakini haipandishi kitu, inanguruma tu. Nataka kuunda yangu yenye nguvu zaidi ya kuvuta. Mwenye ramani anisaidie, miche ya vitunguu iko kitaluni inasubiri kuhamishwa. Matusi sitaki.

Mzee wa Tandale
Weka sola mkuu, ulale.

MamaKuku
Pole mwanangu. Sisi tulianza na ndoo na kapi. Marehemu baba mkwe hakutaka mashine, alisema kelele zinafukuza maji. Tumevuta hivyo hivyo mpaka watoto wakamaliza shule, leo ukinipa mkono utadhani umeshika tupa. Usidharau kapi.

FundiPuli
Kina mita ngapi? Kutoka juu hadi usawa wa maji, sio hadi tope.

KitunguuMaji
Ni cha wastani. Tatizo ni pampu. Valvu ya chini nimeshabadilisha, ni mpya.

FundiPuli
Wastani sio kipimo mkuu. Pampu ya juu haivuti maji. Inaondoa hewa iliyo ndani ya bomba, halafu uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Ukiwa usawa wa bahari mwisho ni mita 10 na kidogo, hata ufunge injini ya treni. Singida iko juu, kama mita 1,500, kwa hiyo huko hesabu inakupa 8 na nusu, na kwa vitendo ukipata 6 shukuru. Taja kina.

Mwananchi Mwema
Kabla ya pampu, una kibali? Ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Kati ipo hapo hapo Singida, na wilayani kuna RUWASA, wakala wa maji vijijini, wenye wataalamu. Watu tunapenda njia za mkato, baadaye tunalaumu serikali.

KitunguuMaji
Kibali hakipandishi maji. Ni mita 27.

Mzee wa Tandale
Hicho ni mgodi. Ukigonga dhahabu usitusahau.

FundiPuli
Basi habari ya kunyonya isahau. Tengeneza pampu ya kamba. Nicaragua wanazo kwa maelfu vijijini, na hapa kwetu zipo pia. Gurudumu linakaa juu ya kisima, kamba ya mzunguko inashuka hadi majini, inaingia mdomo wa chini wa bomba la PVC na kupanda ndani yake. Kwenye kamba unafunga vipande vya duara vya mpira, kila baada ya mita moja hivi, vinavyoenea bombani bila kukwaruza. Kila kipande kinabeba maji yaliyo juu yake.

Usiweke bomba la inchi 2. Kwa mita 27 maji ndani yake yanazidi kilo 50, nani atazungusha? Bomba la robo tatu hayafiki hata kilo 9.

KitunguuMaji
Asante, ila ya mkono itamwagilia ekari? Halafu mimi nimeshaanza. Fundi wangu ametengeneza jukwaa la mbao ndani ya kisima, mita 21 kutoka juu. Tunashusha mashine kwa winchi inakaa pale, kwenda majini zinabaki 6. Wewe mwenyewe umesema 6 inavuta. Kwa hiyo umenithibitishia.

FundiPuli
Subiri. Mashine ya PETROLI unaishusha kisimani?

KitunguuMaji
Moshi tumeufikiria. Bomba linatoka kwenye ekzosi hadi juu. Fundi anashuka kuwasha tu, anapanda. Na tunatanguliza mshumaa. Wachimbaji wadogo mbona wanafanya.

Bwana Kipimo
Wanafanya, na wengine hupandishwa wakiwa wamebebwa.

FundiPuli
Mshumaa unakuonyesha oksijeni imepungua. Kaboni monoksaidi, sumu iliyo kwenye moshi wa injini, haizimi mshumaa, haina rangi wala harufu. Kiungo kimoja cha ekzosi kikilegea, fundi analegea miguu kabla hajajua anaumwa. Wa pili ni yule anayekimbilia kumtoa. Ondoa jukwaa hilo.

ChaiMaziwa
Mnahangaika bure, hii ni chai. Juzi tu huyu jamaa alikuwa Kinyerezi anauliza chanjo za vifaranga. Leo ana kisima Singida, ana winchi, ana jukwaa. Nani anachimba mita 27 kwa mkono ndipo aulize maji yanapandaje? Weka picha.

KitunguuMaji
Vifaranga ni vya mke wangu. Shamba ni la urithi. Kamera ya simu imepasuka.

Mzee wa Tandale
Kamera za humu hupasuka zikisikia neno ushahidi 😂

MamaKuku
Mwacheni kijana. Ila ChaiMaziwa, hiyo chanjo ya vifaranga alijibiwa nini? Wangu wanasinzia.

ChaiMaziwa
Mama anzisha uzi wako. Huyu ajibu winchi ya nani.

KitunguuMaji
Ya kuazima. Sikuja kuhojiwa.

FundiPuli
Chai au si chai, mwenye kisima cha kweli atasoma. Injini ibaki JUU. Fungua boliti uitenganishe na ile pampu yake, izungushe gurudumu la kamba kwa mkanda. Inazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika, kwa hiyo weka puli kubwa, ikibidi hatua mbili, la sivyo kamba inakatika saa ile ile. Hata hivyo ekari nzima ni ngumu: milimita 5 za maji kwa siku ni lita 20,000. Pima kwanza kisima kinarudisha maji kwa kasi gani. Kama kinarudisha, tafuta pampu ya kuzamisha. Ya kamba itatosha kitalu, nyumba na mifugo.

KitunguuMaji
Na mbao nilizonunua?

FundiPuli
Jengea banda la injini. Winchi inakuja lini?

KitunguuMaji
Jumamosi. Hiyo kamba, ya katani inafaa? Ninayo nyumbani.

FundiPuli
Nailoni. Katani inavimba ikilowana na inaoza. Na mwambie fundi wako Jumamosi asishuke.

Juma wa Kigogo
Sijasoma uzi wote. Jaribu kubadilisha valvu ya chini.